Viatu vya Mkesha

Bibi Bun-nyeo alikuwa akigandisha tofu ya maharage ya soya tangu alipoolewa, na kila mkesha wa mwaka mpya alikuwa wa kwanza bondeni kuficha viatu vya watu wa nyumbani na kutundika chekeche mlangoni. Majirani walimtania. "Mgeni gani wa mkesha atavaa viatu vyako vinavyonuka soya?" Alijua kwamba mgeni huyo hujaribu viatu vya watu, na mwenye kiatu atakachoondoka nacho hamalizi mwaka. Alijua pia kwamba akiona chekeche, lazima kwanza ahesabu matundu yake yote, na kukimkuchia hajamaliza huondoka bila kiatu.

Mwaka ule alipitiwa. Viatu vya mjukuu wake Seung-gyu aliviosha asubuhi, akavianika kizingitini, akavisahau.

Jua lilikuwa bado halijazama alipomwona mtu uani, kwenye theluji. Koti safi, uso mpole.

"Shikamoo, mama. Mimi ni wa ukoo wa marehemu mumeo."

Bibi alimtazama miguuni. Mguu mmoja, kiatu cha mpira cha mwanamume. Wa pili, kiatu chekundu cha mtoto, kisigino kimebaki nje. Kile chekundu alikijua. Kilikuwa cha binti wa jirani, waliyemzika kiangazi.

"Marahaba, mwanangu. Pumzika, nikuletee chai."

"Usihangaike." Alikuwa ameshainama, anavitazama viatu vya Seung-gyu.

"Bibi, nani huyo?" mtoto aliuliza kutoka ndani.

"Kaa huko huko. Kunywa supu yako."

Akalitungua chekeche, akamshikia mgeni mbele ya macho. Mgeni akaanza kuhesabu kwa kunong'ona, kidole kikitambaa. Lakini chekeche lilikuwa limechakaa, nusu ya wavu haipo. Bibi alikuwa ameahirisha kununua jipya. Kidole kilikaribia ukingo.

Taratibu, kwa unyayo, Bibi akavisukuma viatu vya mtoto ndani. Akavua vyake, akaviacha pale pale, bado vina joto.

"Nimemaliza," alisema mgeni. Akatazama chini. "Hivi sivyo vilivyokuwepo."

"Ndivyo vilivyopo."

Akavivaa. Vilimkaa kana kwamba alipimiwa.

"Vinanuka soya, mama."

"Utazoea."

Akaondoka, akiacha kile cha mpira na kile chekundu kizingitini. Bibi akasimama na soksi, akizitazama nyayo za viatu vyake mwenyewe zikitoka langoni. Kisha akaingia, akafunga mlango.

"Bibi, soksi zako zimelowa."

"Zitakauka. Sogea, nipe supu." Akaketi. "Kesho utaamka mapema, Seung-gyu. Nataka nikufundishe kugandisha tofu."