Mashine Iliyotembea

Meziane aliijenga mashine kwa hasira, na hasira ilionekana kila mahali alipochomelea. Alitumia ekseli ya lori la kijeshi lililooza bondeni, mota ya kinu cha unga, na sanduku refu la vyuma na mbao nzito lililobeba vyote viwili. Pale penye bolti za gurudumu ndipo alipokusudia kufunga kipande cha mti, akikereze kiwe tarbut, bakuli pana ambalo akina mama wa milima ya Jurjura huvingirishia kuskusi. Bega lake halikuweza tena kuinua tezo.

Na mti alikuwa nao: mjozi uliopandwa na marehemu baba yao. Lakini alipokuwa hospitalini akitibiwa bega hilo, kaka yake Akli aliukata, akamuuzia fundi wa makabati wa mjini, akalifungia gogo uani na ufunguo akautia mfukoni. Meziane alibakishiwa kipande kimoja cha shina, kama mbwa anavyobakishiwa mfupa.

"Mti ulikuwa wa baba," Akli alijitetea.

"Na mimi ni mtoto wa nani, kaka?"

Kwa siku tatu mashine ilimtia aibu. Kila alipoiwasha ilitikisika, ikang'oa bolti za sakafuni, ikatembea mpaka ukutani. Alijua dawa yake. Sanduku lilitaka kujazwa mawe, na mawe yalikuwa mtoni. Bega lisingeyabeba, na kumwomba Akli msaada asingeweza hata kwa kufa.

Alhamisi asubuhi, siku ya lori la fundi, Akli aliingia karakanani akitafuna tini, akaketi juu ya sanduku. Alikuwa mtu wa mwili, na sanduku likalia.

"Nasikia punda wako anatembea bila kupandwa," alisema. "Leo nimempanda. Tuone."

"Ondoka hapo."

"Nangojea lori. Kwani nakuzuia nini?"

Meziane aliwasha mota.

Kipande cha mjozi kilianza kuzunguka. Sanduku lilinguruma chini ya makalio ya Akli, kisha likatulia. Meziane alitazama miguu ya mashine, akamtazama kaka yake, akachukua patasi. Maranda mabichi yakaruka, marefu kama utepe, yakamwangukia Akli kichwani, mabegani na kwenye tini yake.

"Zima, wewe! Unanipaka uchafu."

"Tulia hapo hapo."

Tumbo la bakuli lilikuwa limeanza kuonekana honi ilipolia barabarani. Ikalia tena. Akli akajiinua kidogo, na papo hapo mashine ikaruka chini yake. Akarudi kukaa haraka.

"Zima nikafungue geti."

"Sizimi. Inuka ukitaka. Kipande hiki kina kilo arobaini, na ukiinuka sijui kitaelekea wapi."

"Utaniua, Meziane?"

"Wewe hukuniuliza kabla ya kukata."

Honi ya tatu ilikuwa ndefu. Mtu aliita jina la Akli, akagonga geti, akatukana. Kisha lori likanguruma kushuka kilima kwenda sokoni. Akli alifumba macho. Meziane hakuyainua yake kutoka kwenye patasi.

Alipozima, bakuli lilikuwa bado nene, la kukaushwa mwaka mzima kabla ya kukerezwa mara ya pili, lakini lilikuwa bakuli. Akli aliteremka polepole, akatia mkono ndani yake, akauzungusha hadi ukingoni.

"Fundi atarudi Alhamisi ijayo," alinong'ona mwishowe.

"Arudi. Atakuta nimeshalipasua gogo. Nipe ufunguo."

Akli aliupapasa mfukoni, akauweka juu ya sanduku, si mkononi mwa ndugu yake. Alikuwa amefika mlangoni Meziane alipomwita.

"Kaka, una kilo ngapi?"

"Mia na nne. Kwa nini?"

"Nijue sanduku linataka mawe kiasi gani. Na utayabeba wewe."