Upande wa Mbele

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha uchoraji wa majengo, katika chuo kimoja juu kidogo ya Kikatiti, kwenye miteremko ya Mlima Meru, nilipewa kazi ya kupima jengo kongwe la mawe meusi kabla halijaezekwa upya. Ramani yake ilishapotea. Ulikuwa msimu wa ukungu, na kila asubuhi nilipima kitu ambacho nusu yake sikuiona.

Sote tuliingilia mlango mdogo unaotazama barabara kuu. Siku ya tatu, ndani ya stoo, nyuma ya rundo la viti vibovu, nilikuta mlango mpana wa mbao uliopakwa rangi ya ukuta mara nyingi hata bawaba hazionekani.

Nilimwendea mama mmoja Mmeru aliyepika pale tangu ujana wake, sasa akikaribia kustaafu.

"Shikamoo, mama. Ule mlango wa stoo ulikuwa wa nini?"

"Marahaba, mwalimu. Ule ndio wa mbele. Hapa tunapopita palikuwa uani. Waliojenga walitaka kutazama mlima. Wageni walipoanza kuja kwa barabara ya lami, watu wakageuza njia. Nyumba yenyewe haikugeuzwa."

Tulihamisha viti pamoja. Nilikwangua rangi kwa kisu chake cha jikoni, kisha tukausukuma mlango kwa mabega mpaka ukakubali. Ukungu ukaingia taratibu, baridi, wenye harufu ya mibuni iliyolowa. Nje palikuwa na baraza ndefu na ngazi za mawe zilizolika katikati kwa nyayo za watu nisiowajua.

Tukakaa. Sijui muda gani. Nilikuwa kama mtu aliyelala macho wazi. Kisha ukungu ukaachana, na Meru ikawa mbele yetu, karibu kuliko nilivyowahi kuiona.

"Nilipandia hapa nilipokuja kuomba kazi," akasema. "Nilikuwa nimebeba mkungu wa ndizi. Nikaogopa kuikanyagia matope sakafu ya mbao ya mle ndani, nikavua viatu."

Nilimwomba mkuu wa chuo mlango ubaki wazi, akakubali. Masika ilipoanza, maji yakaingia stoo, naye akaagiza ufungwe. Sikumlaumu.

Lakini hadi alipostaafu, mama yule kila alipomaliza kugawa chai ya saa nne alichukua kikombe chake, akazunguka jengo kwa nje, akaenda kukaa kwenye zile ngazi. Siku nisizokuwa na kipindi nilimfuata.