Majina Niliyoombewa Kanisani

Miaka iliyopita nilinunua majina ya tovuti za ngono, nikitumaini matajiri wa biashara hiyo watayagombania. Hakuna aliyeuliza hata bei. Sasa yanataka kulipiwa upya, na sijui kama nilipe au niyaache yafe. Mjinga mimi, kanisani kwetu Tyseley, huku kwa Waingereza, nikaomba niombewe “biashara ya mtandaoni”.

“Hatuombei kitu gizani, papa,” akasema Mama Neema, kiongozi wa maombi. “Taja jina lake.”

Nikainamisha kichwa. Mke wangu akadhani nimezidiwa na machozi. Akachukua simu yangu, akafungua ujumbe uliodai malipo ya biashara hiyo, akasoma jina la kwanza kwa sauti kabla hajalifikiria.

Wazee wetu, ambao Kiingereza hakijawaingia, wakaitikia “Amina!” kwa nguvu.

Mke wangu anakijua.