Kizibo cha Gobore la Shemeji
Fundi wa magobore alijivunia kwamba hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika, ingawa kwa kazi ile, hiyo si lazima iwe habari njema. Kizibo cha nyuma ya mtutu wa gobore la shemeji yake kilikuwa kinacheza, naye, kwa uvivu, badala ya kuchonga kipya alikizungushia kipande cha bati kikakaza, akamrudishia.

Siku ya pili aliisukuma sahani pembeni. Akaenda kwa shemeji, akamkuta anapima baruti.

“Nipe gobore, shemeji. Nilisahau kulipaka mafuta.”

“Jua lote hili kwa ajili ya mafuta?”

Fundi akalitazama shavu la shemeji, ambalo lingeegemea bunduki. “Niliweka bati kwenye kizibo. Ungefyatua, kingekurukia usoni.”

Shemeji akafunika baruti taratibu.

“Dada yako yuko jikoni. Kamwambie mwenyewe.”