Nilimlisha Mke Wangu Maneno kwa Sababu ya Gemu la Magari

Mimi ni mwongo, na nasema hivyo mapema ili usije ukaanza kunihurumia. Nilimlisha mke wangu maneno ambayo hakuyasema, nikayapeleka kwa baba yangu, na moto ulipowaka nikakaa kimya. Shetani hakunipitia! Wanaojificha nyuma ya shetani wananichefua. Nilifanya mwenyewe, kwa akili zangu timamu, mwanaume mzima mwenye ndevu.

Ilikuwa Kyela mjini, miaka ile biashara zimeachiwa huru na kila mwenye kibanda anaitwa mkurugenzi. Baba yangu alikuwa karani wa ushirika. Wanunuzi binafsi wa kakao na mpunga walipoingia, ushirika ukapunguza watu, naye akarudi nyumbani na kiinua mgongo chake. Wenzake walinunua mabati, wengine walikunywa. Yeye akasema atafungua ofisi ya kuchapa na kuchora kwa kompyuta.

Alisema hivyo kwa sababu ya mke wangu. Nimwite Tupo, ingawa si jina lake. Tupo alisomea kompyuta Mbeya, akafanya kazi kwa wachora ramani za majengo kabla sijamwoa. Baba alijivunia mkwe wake kuliko alivyojivunia mimi, na alikuwa na haki.

Sasa, kwa asiyejua mila zetu Wanyakyusa. Mkwe wa kike na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Akimwona njiani anapisha. Haingii alipokaa mzee, halitaji jina lake, hamsemeshi. Siku hizi wengi wameacha, lakini baba yangu, pamoja na uzee wake wa kanisa, hakuacha. Kwa hiyo ofisi ikajengwa hivi: chumba cha mbele cha baba na wateja, chumba cha nyuma cha Tupo na kompyuta, katikati ukuta wa mbao, na kila mmoja na mlango wake. Mama yangu alishafariki. Aliyepita katikati yao na kila neno ni mimi.

Mjomba wangu, anayefanya biashara ya kuvuka mto Songwe kwenda Karonga, Malawi, na kurudi, akatuletea kompyuta mbili zilizotumika. Akasema tuzijaribu, tuchague moja, nyingine ina mteja Tukuyu. Moja ilikuwa na prosesa ya Pentium Two, spidi mia mbili sitini na sita. Nyingine ilikuwa na Celeron, spidi mia tatu, na ndani yake mwenyewe wa zamani alikuwa amepachika kadi ya picha za gemu.

Tupo akazipima zote mbili. Bwana ardhi wa wilaya, mtu wa Singida aliyehamishiwa kwetu, alikuwa ameahidi kutupa kazi ya kuchora ramani za viwanja vipya, na alishatuachia disketi ya mfano. Tupo akaifungua ramani kwenye Pentium Two, ikatokea. Akaifungua kwenye Celeron, tukakaa tunaangalia mstari mmoja mmoja unavyojivuta.

"Mwambie baba achukue hii ya mia mbili sitini na sita," akaniambia.

"Lakini ile ni mia tatu!"

"Mia tatu ni wepesi wa mikono tu. Chukua mafundi cherehani wawili. Mmoja ana mikono myepesi, lakini uzi uko stoo, mkasi uko stoo, vifungo viko stoo. Kila mshono anainuka. Mwenzake ni mzito kidogo, ila ana droo hapo hapo mezani. Nani atakushonea suti uivae Jumapili?"

"Wa droo."

"Basi. Pentium Two ina hiyo droo, kumbukumbu ndogo ya karibu. Hii Celeron hawakuiwekea. Kwenye gemu hutaona sana. Kwenye ramani utalia."

Alinieleza mpaka mpumbavu akaelewa! Lakini mimi nilishalionja gemu la magari nililolikuta ndani ya mashine zile. Kwenye Celeron yenye ile kadi, magari yalikimbia kama kweli, vumbi linaonekana, kioo kikipasuka unapasuka nacho. Kwenye ile nyingine yalikuwa viboksi vinavyorukaruka. Nikamwomba mjomba ahamishe kadi, akakataa, akasema hafungui mashine za watu, kila moja inauzwa ilivyo.

Asubuhi nikaenda chumba cha mbele.

"Ugonile, tata," nikamwamkia baba kwa Kinyakyusa.

"Ndaga. Mkwe wangu anasemaje?"

Hapo ndipo nilipoiuza nyumba yangu. Nikasema, "Anasema tuchukue ya mia tatu."

"Amezipima?"

"Zote mbili, tata."

"Kama amesema yeye, basi." Hakuuliza tena. Nami leo namkasirikia hata yeye: baba, mbona ulimwamini hivyo mtu usiyeweza hata kumuuliza? Lakini hasira hiyo ni ya bure. Alimwamini yeye. Kosa lake ni kuniamini mimi.

Nikazunguka mlango wa nyuma, nikamwambia Tupo kwamba mzee amekataa, amependa namba kubwa. Akaguna.

"Basi, mzee ameshaamua. Nitajitahidi."

Uongo mmoja huku, uongo mwingine kule, na ukuta wa mbao katikati! Kila mmoja alisikia kikohozi cha mwenzake, wala hakuna aliyejua mwenzake kasema nini. Na Jumapili, Tupo akiwa nyumbani anapika, mimi na rafiki zangu tulijaa chumba cha nyuma tunapiga kelele za magari.

Msiitukane ile Celeron. Barua ilichapa, polepole, na gemu ililicheza bila aibu. Ilipewa kazi isiyo yake, na aliyeipa kazi hiyo ni mimi!

Bwana ardhi akaleta ramani zenyewe. Tupo akachora. Akisogeza picha, anangoja. Akifuta mstari, anangoja. Mara mashine inaganda, anaanza upya. Macho yakamvimba. Bwana ardhi akaja mara ya kwanza, akaelewa. Akaja tena, akaangalia saa yake. Safari ya mwisho akakusanya karatasi zake mbele ya baba.

"Mzee, samahani sana. Wakubwa wangu wananibana. Napeleka Mbeya."

Alipotoka, baba akalipuka. Alijua nani yuko nyuma ya ukuta, na alitaka asikie.

"Kumbe usomi wa Mbeya ni wa kupaka poda! Nimemwachia achague mwenyewe, kanichagulia gogo! Jasho langu la ushirika lote, mkwe kalitupa mtoni!"

Mimi nilikuwa chumba cha nyuma, nimesimama karibu na Tupo. Nikaona mikono yake inaacha kuchapa. Akanigeukia taratibu.

"Achague mwenyewe?" akauliza kwa sauti ndogo. "Wewe, ulimwambia nini?"

Nikaitazama ile Celeron. Akaelewa. Hakulia. Hakuweza kupiga kelele, hakuweza kuzunguka mlango wa mbele akajitetea, maana mila ilikuwa imemfunga mdomo na funguo nilikuwa nazo mimi.

"Nenda kaseme," akanong'ona. "Nenda sasa hivi, ananitukana."

Nikaenda. Nakuapia, nilikwenda na nia ya kusema! Nikafika mbele ya baba, nikamwona mishipa ya shingo imemtoka, na mdomo huu, mdomo huu mchafu, ukasema, "Tata, tulia. Nitaongea naye."

Nitaongea naye! Kana kwamba ndiye mkosaji! Na yeye yuko nyuma ya mbao, anasikia kila neno.

Niliporudi nyuma, mlango ulikuwa wazi. Alishaondoka kwenda kwao, Talatala.

Baba akalisema sokoni, akalisema baada ya ibada. Mwenye duka la vifaa vya ofisi, aliyekuwa akimwita Tupo kuchapa, akaacha kumwita. Watu wakaanza kusema yule binti alidanganya, hakusoma lolote. Na mimi nilikuwa nakula, nalala, natembea mjini!

Nilipokwenda Talatala kumrudisha, alikaa mbele ya wazazi wake, akasema neno moja tu.

"Mashine ingebadilishwa. Mimi kwenye ua ule sikuwa na mdomo, mdomo wangu ulikuwa wewe. Sasa nirudi nikakae na nani?"

Nikarudi Kyela nikamweleza baba kila kitu. Nilidhani atanipiga. Afadhali angenipiga! Alivaa koti, akatoa baiskeli.

"Tata, ngoja nikusindikize, nikufikishie maneno," nikasema.

"Wewe?" akasema. "Wewe ubaki."

Akaendesha peke yake mpaka Talatala, mzee wa umri ule, barabara ya matope. Nilisimuliwa na shemeji yangu. Alisimama nje ya nyumba, Tupo akiwa ndani, akausemesha ukuta: "Mwanangu, nimekutukana kwa uongo. Nitalisema kanisani kama nilivyolisema lile." Na alilisema kweli, Jumapili, amesimama wima mbele ya watu. Tupo akamtuma mama yake nje na jibu: baba amesamehewa, mwanawe bado.

Bado hiyo haijaisha. Tupo hakurudi kwangu, alirudi Mbeya, anachora ramani, nasikia ameolewa na mtu mwingine. Sina haki hata ya kukasirika, na nakasirika!

Baba bado yupo, naishi naye. Nikimwambia kumenyesha mlimani, anamwita dada yangu athibitishe. Juzi alikuwa anaumwa, nikamwambia, "Tata, nakupenda na najutia." Akamgeukia dada yangu akamuuliza, "Ni kweli?"

Nyinyi mnaopita kati ya wake zenu na baba zenu, kati ya ndugu na ndugu, sikilizeni. Msiniambie ni mambo ya kompyuta tu, maana nitawatukana! Ukipewa neno, lifikishe lilivyo, hata kama linakunyima unachokitaka. Ukilipunguza chembe, watajua, na hawatakuita mwongo kila siku, watanyamaza tu. Nyumbani kwetu hakuna tena anayenituma, hata kumwambia jirani chakula kiko tayari.