Bi Polepole, anayewachagulia wagonjwa wa figo sinema ya kwanza ya kusoma

Saa moja kasorobo asubuhi, kabla wagonjwa wa zamu ya kwanza hawajaingia, mwanamke mwenye sare ya kijani anapiga deki kati ya viti vinane vya kulalia. Nyuma ya kila kiti imesimama mashine ndefu kama mtu, mirija yake ikining'inia. Akimaliza kona ya mwisho anaegemeza fagio la maji ukutani, anakausha mikono, anafungua kabati la mashuka na kutoa vishikwambi vitano.

Anaviwasha kimoja kimoja na kuvifuta vioo kwa kitambaa chenye dawa. Kisha anasogea kwenye ubao wa zamu na kuyasoma majina kwa midomo, neno baada ya neno, bila haraka.

"Leo kuna mgeni kiti cha tatu," anasema. "Mgeni hapewi sinema yenye maneno mengi. Mgeni ana hofu, na mtu mwenye hofu hasomi. Anatazama mlango uko wapi."

Katika wodi hii, ambako wagonjwa wa figo husafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, wanamwita Bi Polepole. Ana miaka arobaini na saba, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameitumia hapa. Ameajiriwa kufanya usafi: sakafu, mashuka, ndoo na madirisha. Kuwachagulia wagonjwa filamu za kigeni zenye tafsiri ya maandishi chini ya picha hakumo kwenye barua yake ya ajira, wala hakulipwi. Mshahara ni ule ule wa usafi, ambao kwa maelezo yake "huzimia tarehe kumi na nane."

Vishikwambi vililetwa miaka minne iliyopita na familia iliyofiwa na baba yao hapa wodini. Mwanzoni vilikuwa na sauti. Huyu anasikiliza mahubiri, yule mpira, wa tatu tamthilia ya watu wanaoachana, na wodi ikawa soko. Zikaletwa spika za masikioni. Siku moja mgonjwa mmoja alizimia akiwa amezivaa, na kwa dakika kadhaa kila aliyempita alidhani amenogewa na muziki. Mgonjwa alipona, lakini msimamizi wa wodi alipiga marufuku sauti ya aina yoyote.

"Tukabaki na picha bubu," anasema Bi Polepole. "Filamu za kwetu ukizizima sauti unabaki na midomo tu, inafunguka na kufumba kama ya samaki."

Ufumbuzi ulitoka jirani. Wanafunzi wa chuo cha lugha kilicho ng'ambo ya barabara hujifunza kazi kwa kuziandikia filamu za kigeni tafsiri ya Kiswahili. Walikubali kuipa wodi nakala za zile ambazo wenye filamu wameziruhusu. Leo zimezidi sitini.

Zilipofika, Bi Polepole ndiye aliyezigawa, kwa kuwa vishikwambi hukaa kwenye kabati lake la mashuka, na hakuna aliyezitaka.

"Walinirudishia zote. Mama mmoja akaniuliza, 'Mwanangu, nimekuja kutibiwa au kufanya mtihani?' Na mimi mwenyewe nilikuwa nazikimbia, ila sababu yangu nilikuwa naificha."

Sababu hiyo sasa haifichi. Aliacha shule darasa la tano, mama yake alipougua na wadogo zake wanne wakabaki mikononi mwake. Kusoma anajua, lakini kwa mwendo wa kobe. Usiku wa kwanza aliobeba filamu nyumbani, aliiweka kwenye televisheni ya sebuleni na binti yake wa kidato cha pili akakaa pembeni.

"Mama, mstari umeshapita," binti akamwambia.

"Umepita kwako. Kwangu bado upo njiani."

Walicheka mpaka baba wa nyumba akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Lakini Bi Polepole hakuizima. Kufikia wiki ya tatu alikuwa amegundua kwamba zipo filamu zinazomwacha nyuma tangu mwanzo, na zipo zinazomngoja. Zinazomngoja ndizo alizoanza kuzipeleka wodini.

"Nikasema, kumbe uzito wangu ni mizani. Sinema nikiwahi kuisoma mimi, hakuna mgonjwa itakayemshinda."

Mengine ameyajua kwa kukosea. Filamu ya watu kumi wanaogombana mezani haimfai anayeanza, kwa kuwa hajui maneno ni ya nani. Maandishi meupe juu ya theluji hayasomeki. Filamu yenye hospitali haitolewi kabisa. Mzee mwenye macho hafifu hupewa kishikwambi kikubwa, na anayechomwa sindano mkono wa kulia huwekewa mto ili asikishike.

Kuna pia suala la muda. Nusu saa ya kwanza ni ya sindano na vipimo, na saa ya mwisho presha hushuka, misuli hukaza, hakuna mwenye hamu ya kusoma. Kwa hiyo filamu hukatwa katikati, na nusu ya pili humsubiri mgonjwa siku yake inayofuata.

Ni kukatwa huko kulikomwingiza matatani kwa msimamizi, kwa ajili ya mgonjwa wa kiti cha nne.

Wodini anaitwa Dereva. Ana miaka hamsini na minane, na kwa miaka thelathini na mmoja aliendesha malori ya masafa marefu, hadi figo zilipokufa na daktari akamkataza usukani. Lori likauzwa. Alipoanza matibabu mwaka jana alikuwa hamjibu mtu. Alipopewa kishikwambi alisema kusoma alikumaliza darasa la saba na hakusudii kurudia.

Bi Polepole alitaka kumlainisha. Akamchagulia filamu ya dereva wa lori anayevuka milima na mzigo wa vioo. Aliona amelenga.

Dereva alitazama dakika kumi, kisha akakilaza kishikwambi kifudifudi juu ya blanketi. "Dada," alimwambia, "umenipa kidonda changu nikitazame."

"Nilitamani ardhi ipasuke," anakumbuka. "Nilikwenda chumba cha mashuka nikakaa kwanza. Tangu siku hiyo mgonjwa simpi maisha yake. Nampa ya mtu mwingine kabisa."

Wiki iliyofuata alimpelekea filamu ya dada wawili wazee wanaoishi nyumba moja na kugombea jiko. Ufunguo wa jiko unapotea, na kila mmoja anamshutumu mwenzake. Maneno ni machache, kwa sababu dada hao wamenuniana. Dereva aliikataa, akaichungulia, akaisogeza karibu. Nusu ya kwanza ilipoisha alitangaza kwa wodi nzima kwamba mwizi ni dada mkubwa.

"Ana macho ya mtu niliyewahi kumkopesha," alisema, na watu wakacheka.

Ilikuwa Jumamosi. Jumanne kiti cha nne kilibaki kitupu.

Muuguzi alipiga simu mara mbili, ikaita bila kupokelewa, kisha ikazimwa. Alhamisi pia hakuja. Kwa mgonjwa wa aina yake, maji yasiyotoka hujaa mwilini hadi kwenye mapafu. Mchana huo mkewe alifika wodini peke yake, kanga mabegani, akisema mume wake amechoka. Amesema hataki tena mashine, na mlango wa chumba ameufunga kwa ndani.

Muuguzi aliongea naye kwa kirefu na kumwandikia namba ya daktari. Alipokuwa anatoka, Bi Polepole alikuwa anapiga deki mlangoni.

"Shemeji," alimwita. "Mimi si daktari, na sina la kukufundisha. Ila ukifika, mwambie hivi: aliyeficha ufunguo si dada mkubwa."

"Dada gani tena?"

"Mwambie hivyo hivyo. Usiongeze neno."

Mke wa Dereva anasema alidhani mwanamke yule hana akili timamu. "Lakini nilikuwa nimeshasema ya kwangu yote. Nilikuwa nimelia, nimeleta kaka zake, nimeleta watoto. Nikasimama mlangoni kwake nikayasema maneno ya ufunguo. Halafu nikasikia, 'Nani kasema?'"

Dereva mwenyewe anasimulia kwa sauti ya malalamiko. "Nilikasirika. Mtu umelala unasubiri siku yako ifike, umeshaagana na nafsi yako, halafu unaletewa habari za ufunguo wa jiko! Usiku mzima nawaza, kama si mkubwa, ni nani? Mdogo ndiye aliyekuwa analia. Mtu hawezi kuiba na kulia."

Jumamosi aliletwa na mwanawe wa kwanza, miguu imevimba, akihema kama aliyepanda ghorofa kumi. Kishikwambi hakukigusa. Aliwekewa oksijeni na kulala saa zote nne. Mwisho wa filamu ulimtaka arudi tena Jumanne, naye akarudi.

Swali la nani aliyeficha ufunguo humfanya hadi leo akunje uso. Kumbe hakuna aliyeuficha. Ulikuwa umeangukia ndani ya gunia la mchele.

"Mwisho mbovu," anasema. "Ningejua ni hivyo, nisingerudi."

"Ndiyo maana sikukwambia," anajibu Bi Polepole kutoka dirishani, bila kugeuka.

Msimamizi wa wodi hakufurahishwa na yaliyotokea. Alimwita Bi Polepole ofisini na kumweleza kwamba kumtumia mgonjwa ujumbe unaohusu matibabu si kazi ya mhudumu, kwani siku nyingine ungeweza kuleta madhara. Bi Polepole anakubali. "Niliambiwa nisirudie. Sijarudia, kwa kuwa naye hajakosa tena."

Msimamizi huyo, mwanamume wa maneno machache, anapima kauli zake. "Filamu hazitibu. Kinachotibu ni mashine, na aliyemrudisha yule mzee ni mke wake ambaye hakuchoka." Anafungua daftari la mahudhurio. Katika miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka jana, kabla filamu hizi hazijaja, wagonjwa walikosa matibabu bila taarifa mara kumi na tisa. Katika miezi kama hiyo mwaka huu, mara saba. Anakumbusha kuwa mwaka huu pia ulianza msaada wa nauli kwa wanaotoka mbali. "Sababu ni nyingi," anasema, na kulifunga daftari. Kisha anaongeza kwamba ameagiza vishikwambi vingine vitatu, ili kila kiti kiwe na chake.

Saa mbili na robo, mgeni wa kiti cha tatu ameshaunganishwa. Ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na macho yake hayabanduki kwenye mrija ambao damu yake inapita. Bi Polepole anasimama upande wa pili wa kiti, ambako mtu akimtazama hauoni mrija.

"Mdogo wangu, nimekuletea ya fundi wa lifti. Amekwama na mteja kati ya ghorofa mbili. Dakika tisa za mwanzo hawasemi kitu."

"Mimi sinema za kusoma siziwezi, dada. Nikisoma sioni picha, nikitazama picha nimekosa maneno."

"Yakikupita yaache yaende. Hakuna atakayekuuliza."

Kutoka kiti cha nne Dereva anaingilia bila kuombwa. "Usisome yote. Mimi nilikuwa nasoma yote, nikaumwa kichwa. Soma mwanzo wa mstari, kilichobaki utakiona usoni kwake."

"Na wewe umeanza lini ualimu?" anamuuliza Bi Polepole.

"Nimefundishwa na mtu mzito, lazima nielewe."

Fundi cherehani anatabasamu kidogo, kwa adabu zaidi kuliko furaha. Anakiegemeza kishikwambi kwenye goti. Kwa robo saa hivi uso wake haubadiliki. Kisha, bila kumtazama mtu, anauliza, "Huyu mteja amesema ana ngazi nyumbani, au ana deni nyumbani?"

"Ngazi," anasema Bi Polepole, ambaye filamu hiyo ameitazama mara nne. Anaokota ndoo yake na kuelekea kwenye madirisha.

Siku mbili kwa wiki, saa nane mchana kazi ikiisha, haendi nyumbani moja kwa moja. Kila Jumatatu na Jumatano hupitia darasa la watu wazima lililo nyuma ya ofisi za kata, ambako hukaa dawati la mbele na wanafunzi wengine kumi na wanne. Novemba atafanya mtihani wa darasa la saba. Akifaulu, anataka kuomba mafunzo ya mwaka mmoja ya msaidizi wa wauguzi. Msimamizi amemwahidi barua ya kumpendekeza, kwa sharti kwamba asimwombe pia amtafutie maswali ya mtihani.

"Sitaki kuondoka wodini," anasema. "Nataka siku moja nikimwambia mtu neno la matibabu, liwe ni kazi yangu."

Kinachomsumbua ni imla na hesabu za sehemu. Binti yake humsomea imla jioni na kumkatia maksi bila huruma. Wagonjwa wa Jumanne wamemchangia kalamu na madaftari.

Matokeo hutoka Januari. Dereva, ambaye ndugu zake watatu wamepimwa na hakuna aliyelingana naye wa kumpa figo, hapendi kuulizwa habari za mwakani. Watu wakizungumzia mambo ya mbali, yeye hufumba macho akajifanya amelala. Lakini mtihani huu unapotajwa, anayafumbua.

"Januari nipo," anasema, huku akimnyooshea muuguzi mkono apimwe presha. "Hayo matokeo nitamsomea mimi. Tukimwachia ayasome mwenyewe, tutakaa hapa mpaka Februari."