Baba Mkwe wa Mama na Ndugu Zake wa Marekani

Binti yangu alitema mate kwenye kichupa, mimi nikapata ndugu Marekani. Ndivyo ilivyoanza, na hadi leo sijui nimlaumu nani. Anasoma ng'ambo, na wenzake wa chuoni walikuwa wakipeleka mate yao kupimwa vinasaba ili wajue asili zao, naye akafuata mkumbo. Majibu yalipotoka akacheka, akaandika anwani yangu ya barua pepe, kwamba mimi ndiye mtu wa kuulizwa habari za ukoo, kisha akarudi kwenye mitihani yake. Mzigo ukabaki kwangu.

Barua ya kwanza niliisoma kwenye chumba cha walimu hapa Tukuyu, mvua inapiga bati hadi huwezi kumsikia aliye kiti cha pili. Mwandishi alikuwa mama wa Kimarekani, mkutubi mstaafu, na aliniita binamu. Alieleza kwa adabu kwamba kwa miaka mingi anawatafuta wazee wake, ndugu wawili wa kiume waliotoka Uingereza kwa meli katika karne ya kumi na tisa kwenda Marekani kutafuta ardhi. Upande wa Marekani alishaumaliza: makaburi yao, mashamba yao, wake zao, hata kesi ya nguruwe walioingia shamba la jirani. Kilichomshinda ni walikotoka. Walipofika kule walibadili jina la ukoo, kwa sababu anazozijua Mungu, na katika kijiji cha Uingereza anachodhani ni chao aliziona familia mbili zilizopoteza vijana wawili kila moja kwa safari hiyo hiyo. Hajui ipi ni yake.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Vijana wale, alisema, walimwacha ndugu yao nyumbani. Yule aliyebaki ndiye aliyezaa kizazi kilichomzaa babu yangu, Mwingereza aliyekuja kusimamia mashamba ya chai huku Rungwe. Nikimpa jina la ukoo la babu yangu, atajua familia ipi kati ya zile mbili ni ya kwake. Aliuliza kama vile mtu anavyoomba chumvi kwa jirani.

Mimi hufundisha hesabu. Sipendi swali lisilo na jibu, na wanafunzi wangu wanajua kwamba sipendi pia jibu lisilo na njia. Nikachukua karatasi za mtihani wa zamani, nikaanza kuchora nyuma yake: huyu kamzaa huyu, huyu kapanda meli, huyu kabaki. Mistari ikapita juu ya mistari. Mama yule aliandika kwamba sisi ni mabinamu wa daraja la nne, tuliopishana kizazi kimoja. Nilijaribu kulisema hilo kwa lugha ya nyumbani nikashindwa. Kwetu angekuwa mama mdogo, mambo yakaisha, tukapika.

Lakini nisijifanye kwamba nilikuwa namsaidia yeye tu. Baba yangu alikuwa mweupe, macho ya kijivu, mtu mpole asiyependa maswali. Alikulia kwa mjomba wake, kaka wa bibi. Shuleni watoto waliniita mjukuu wa njiani, maana yake babu yangu alipita tu, akamwacha bibi na mimba kama mtu anavyosahau mwavuli. Nilipomuuliza baba, alinijibu nile chakula kisipoe. Amekufa bila kusema neno. Kwa hiyo barua ile ilipokuja na swali lake la jina, chini yake mimi nililiona swali langu: je, yule mzungu aliwahi kumkubali baba kuwa mwanawe, au watoto wale walisema kweli?

Nilianzia kanisani, kwenye daftari la ubatizo. Mzee wa kanisa aligeuza kurasa polepole hadi tukampata baba. Sehemu ya jina la mzazi wa kiume ilikuwa imeandikwa jina la mjomba wake. Nilisimama pale nikiona aibu ambayo haikuwa yangu. Nikafunga daftari, nikashukuru, nikatoka.

Akabaki mama. Mama yuko Kisondela, ameshavuka themanini, bado anapalilia migomba yake mwenyewe na kuwasema wanaochuma parachichi zikiwa changa. Yeye ndiye mtu wa pekee aliye hai aliyeolewa katika nyumba ile babu yangu akiwa bado yuko nchini. Kulikuwa na tatizo moja tu, na kila aliyezaliwa Unyakyusa ameshaliona. Mkamwana wa zamani, yaani mke wa kijana wa nyumba, hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hapiti alikopita, hali naye, na jina la mkwe halitoki kinywani mwake hadi anaingia kaburini. Si chuki. Ni heshima, na mama ana heshima ya kugawia wilaya nzima.

Nilikwenda Jumamosi kwa bodaboda, nikafika na matope hadi magotini. Tukasalimiana, ugonile, ndaga, akanipakulia ndizi zilizopikwa na maharage, nikala ndipo nikaeleza. Nilieleza vibaya. Nilisema kuna wazungu waliotoka kwao wakaenda Marekani, wakajibadili jina, sasa wajukuu zao hawajui walikotoka.

"Wamepoteaje?" mama akauliza. "Hawana makaburi?"

Nikasema makaburi wanayo, ila yako ng'ambo mbili tofauti za bahari. Akasikitika kwa dhati. Kwetu wazee wamelala kwenye migomba nyuma ya nyumba, unawapita ukienda kukata ndizi. Hakuelewa watu wenye meli na karatasi nyingi hivyo wanawezaje kuwapoteza wazee wao. Nikaona huruma imemwingia, nikarukia hapo hapo. Nikamwomba anitajie jina la baba mkwe wake.

"Sitaji," akasema, akaanza kukusanya vyombo.

Nikambembeleza. Nikamwambia mzee ameshakufa miaka mingi, na ni mzungu, mila zetu hazimhusu. Akanitazama kama ananiona mara ya kwanza, akasema kwa Kiswahili chake kizito kwamba mkwe hana rangi. Nilirudi Tukuyu mikono mitupu na mkungu wa ndizi mgongoni mwa bodaboda.

Nilimwandikia mama wa Marekani kwamba mama yangu hawezi kulitamka jina la mtu yule. Nilidhani nimeeleza. Jibu lilikuja refu na lilinitia baridi. Alisema ameelewa, na anaomba radhi kwa niaba ya ukoo wake wote kwa jambo lolote ambalo mtu yule alimtenda bibi yangu au mama yangu. Aliandika kwamba kimya cha namna hiyo anakijua; hata katika ukoo wake kuna majina yasiyotajwa mezani kwa sababu ya uovu wa wenye majina. Hatauliza tena kama inaumiza.

Nilikasirika. Niliandika majibu matatu makali, nikayafuta yote. Kisha hasira ikaniisha, hofu ikakaa mahali pake, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kwani nilijuaje kwamba si kweli? Mdomo uliofungwa kwa heshima na mdomo uliofungwa kwa jeraha, ukiitazama kwa nje, inafanana. Nilifundisha wiki nzima nikikosea hesabu ubaoni. Mwanafunzi mmoja alinisahihisha alama ya kutoa, nikamshukuru kama kaniokoa kwenye maji.

Ndipo nikafanya jambo ambalo silijivunii. Nilimwomba mama wa Marekani anitumie yale majina mawili ya ukoo anayoyashuku. Akayatuma. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nitayasoma yote mawili mbele ya mama. Mkamwana akisikia jina la baba mkwe wake likitajwa ovyo atainuka, au atajifunika, au atanifokea. Jina litakalomshtua ndilo lenyewe. Hatakuwa amelitaja, na mimi nitakuwa nimelipata. Nilijiona mjanja sana.

Jumamosi iliyofuata tulikaa jikoni kwa mama, moto unafuka, mama anamenya ndizi. Nikatoa simu, nikajifanya ninasoma habari. Nikalitaja jina la kwanza kwa sauti.

Mama akaweka kisu chini. Akavuta kanga kutoka mabegani, akajifunika kichwa na uso wote, akageukia ukutani.

Nimelipata, nikajisemea, kazi imekwisha. Lakini mwalimu wa hesabu huhakikisha jibu. Nikalitaja na la pili.

Alikuwa ameshaanza kujifunua. Akajifunika tena vilevile, akainamisha kichwa chini zaidi. Nikakaa na simu mkononi, sielewi nilichokiona. Nilingoja mpaka alipoitoa kanga mwenyewe. Nikamuuliza lipi kati ya yale mawili ndilo.

"Sijui," akasema. "Jina lake sikuambiwa. Nani angelitaja mbele yangu? Marehemu baba yako asingeweza kunitajia baba yake. Bibi yako alimwita Bwana. Sasa umekuja na mawili, na moja laweza kuwa lake. Nimeyaheshimu yote."

Nilimuuliza mbona hakuniambia siku ile kwamba halijui.

"Hukuniuliza kama nalijua. Uliniambia nitaje. Kutaja, sitaji."

Nilicheka, kisha nikaona machozi yananitoka, na sikuweza kusema ni ya nini. Safari zote zile, mistari yote ile nyuma ya karatasi. Nilimwambia sasa, bila ujanja, kilichonisumbua. Nikamwambia majina ya Marekani si kitu. Mimi nataka kujua kama mtu yule alikuwa babu yangu au mpita njia. Nikamwambia na yale niliyoitwa shuleni, ambayo kwa miaka yote hii sikuwahi kumwambia.

Mama akasogeza kuni. Kisha akaanza kunisimulia, na hakunitazama alipokuwa akisimulia.

Alipoolewa, alisema, bibi alimwonyesha njia ya kwenda kuchota maji na njia ya shambani, akamwambia mzungu wa chai anayepita na pikipiki ndiye mkwe wako. Basi. Akawa akisikia mlio wa pikipiki anatupa mzigo na kujitosa kwenye migomba. Mzungu hakujua. Alikuwa anasimamisha pikipiki, anamwita, anataka kumsalimia mke wa kijana wake, na kadiri alivyomwita ndivyo mama alivyozidi kuingia ndani. Mara moja alianguka kwenye mtaro. Watu wa shamba la chai walicheka hadi wakashika mbavu. Mama alimjua kwa viatu na mlio tu, na alilia kwa bibi kwamba mkwe huyu hana adabu.

Sijui nani alimweleza. Labda bibi, labda baba. Siku moja mama alikuwa kwenye njia nyembamba, chai huku na chai huku, hakuna mgomba wa kujificha, ana mtungi kichwani na ujauzito wa kaka yangu. Pikipiki ikatokea kwenye kona. Hakuwa na pa kwenda. Akafumba macho akasimama.

Mlio ukazimwa. Akasikia viatu vinashuka kwenye changarawe, kisha kimya. Alipofumbua jicho moja, mzungu alikuwa ametoka barabarani, ameingia kwenye chai hadi kiunoni, amevua kofia, na amempa mgongo. Alisimama hivyo, ametazama upande wa mlima, mpaka mama akapita.

"Nikapita polepole kwa sababu ya mtungi," mama akasema. "Hakugeuka."

Niliwaza Waingereza niliokuwa nikiwafukuza kwenye karatasi, wale waliopanda meli na yule aliyebaki, na sikuweza kumweka mtu huyu aliyesimama kwenye chai mahali popote kati yao. Niliuliza, kwa sababu nilitaka kuwa na hakika, kama haikuwa bahati tu, pengine alisimama kwa haja nyingine. Mama akanisonya.

"Mwanangu, mpita njia hapishi mkamwana. Anampisha wa nini? Anayempisha ni mkwe."

Siku mbili baadaye nilimwandikia mama wa Marekani. Nilimwambia jina hatuna wala halikuwahi kuwepo kwetu, na kwamba hapakuwa na uovu wa kuombea radhi. Nikamsimulia barabara ile. Ilinichukua jioni nzima, kwa sababu kila sentensi niliyoiandika kwa Kiingereza ilimfanya mzee yule aonekane ameudhika na kumgeuzia mtu kisogo. Akajibu kwamba ameisoma mara nne na bado hana hakika kama ameelewa. Kwamba familia zake mbili zimebaki mbili. Na kwamba ile nafasi ya jina kwenye chati yake ataiacha wazi. Aliuliza jambo moja tu: je, ilitokea siku ile peke yake?

Sikuwa nimeuliza. Nikampigia mama, nikamkuta kwenye migomba, upepo unavuma kwenye simu.

"Kila siku," akasema, "mpaka alipoondoka nchini. Siku ya kuondoka alikuja kumuaga baba yako. Mimi nilikuwa ndani, sikutoka. Alipomaliza akaja hadi nyuma ya nyumba, penye dirisha la jikoni. Akanipa mgongo, akakaa hapo kidogo. Nami nikampa wangu."